Shajara ya mradi: kukamata maandishi ya skripti za Python ndani ya programu ya C++

Programu mwenyeji ninayoitunza imeandikwa kwa C++, na kazi yake ni kufungua majedwali ya vipimo na kuyachorea grafu. Ndani yake nimepachika mkalimani wa Python 3.12, yaani sehemu inayosoma na kuendesha msimbo wa Python, ili mtumiaji aweze kuandika skripti fupi za kuchakata safu za jedwali bila kugusa msimbo wa programu yenyewe. Kasoro iliyoanzisha mradi huu ni rahisi kuieleza: mtumiaji akiandika `print`, maandishi yake hayaonekani popote, kwa kuwa programu ya madirisha haifunguliwi kutoka teminali na mkondo wake wa kawaida wa matokeo hauna anayeusoma. Nilitaka maandishi hayo yatokee katika kidirisha cha matokeo chini ya jedwali, wakati uleule yanapoandikwa. Nilikadiria kazi ya siku mbili.

3 Machi 2025: Kukusanya kwanza, kuonyesha baadaye

Njia ya kwanza ilikuwa ile inayomjia kila mtu: kabla ya skripti kuanza, `sys.stdout`, ambayo ni jina la mkondo huo wa matokeo ndani ya Python, inawekewa kitu cha aina ya `io.StringIO`, kinachokusanya maandishi katika kumbukumbu, na skripti ikimaliza, maandishi yote yanachukuliwa kwa `getvalue` na kumwagwa katika kidirisha. Kazi hiyo ilinichukua saa moja na mistari 15, na kwa skripti za sekunde mbili ilitosha kabisa.

Ilishindwa jioni hiyohiyo, nilipoendesha skripti ya dakika nne inayotoa taarifa kila imalizapo safu moja. Kidirisha kilikaa kitupu kwa dakika zote nne, kisha mistari yote ikatokea kwa mkupuo. Skripti iliyofuata iliiangusha programu nzima katikati ya kazi, na kila neno lililokuwa limekusanywa likapotea nayo, wakati ndiyo maandishi niliyoyahitaji ili nijue imeanguka kwa nini. Njia hii nimeiacha.

8 Machi 2025: Moduli ya ndani, na `print` moja inayoandika mara nne

Sasa kuna moduli ndogo iliyoandikwa kwa C, niliyoiita `_mwenyeji`, yenye kitendakazi kimoja tu, `pokea`, kinachochukua aina ya mkondo na maandishi yenyewe. Upande wa Python kuna klasi fupi ambayo `write` yake huita `pokea`, na kitu kimoja cha klasi hiyo kinawekwa katika `sys.stdout`, kingine katika `sys.stderr`, mkondo wa makosa. Moduli husajiliwa kwa `PyImport_AppendInittab`, na usajili huo lazima ufanyike kabla ya `Py_Initialize`. Mimi niliuweka baada yake, nikapoteza dakika arobaini nikitafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Jaribio la kwanza la `print("safu", 3)` lilitoa mistari minne katika kidirisha: neno, nafasi tupu, tarakimu, na mstari mtupu. Sababu ni kwamba `print` haiunganishi vipande vyake kabla ya kuviandika. Huita `write` kwa kila kipande, kwa kila kitenganishi, na mara moja zaidi kwa alama ya kumaliza mstari, ilhali msimbo wangu ulichukulia kwamba kila wito ni mstari kamili.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa kushikilia maandishi mpaka alama ya mwisho wa mstari ifike, lakini hayo yalivunja skripti zinazoandika nukta moja baada ya nyingine kwa `end=""` ili kuonyesha kwamba kazi inaendelea, kwa sababu nukta hizo zilifichwa mpaka mstari ukamilike. Uamuzi wa mwisho ni kwamba `pokea` haielewi mistari hata kidogo; hupitisha herufi kama zilivyokuja, na kidirisha ndicho kinachojua maana ya `\n`. Hapo hapo nilikifundisha pia kwamba `\r` inamrudisha mwandishi mwanzoni mwa mstari uleule, vinginevyo maktaba zinazochora maendeleo kwa asilimia zingejaza kidirisha kwa mamia ya mistari inayofanana. Jumla ya gharama ni saa 5.

9 Machi 2025: Vitu ambavyo `write` peke yake haitoshi

Klasi yenye `write` tu huonekana kufanya kazi mpaka mtu aandike `print` yenye `flush=True`, ambapo skripti hukatika kwa kosa la sifa isiyokuwapo. Maktaba nyingine huuliza `isatty`, yaani kama mkondo umeunganishwa na teminali, ili zijue kama zipake rangi. Badala ya kuongeza sifa moja moja kila mtu anapolalamika, klasi yangu sasa inarithi kutoka `io.TextIOBase`, ambayo huleta `flush` na `isatty` zenye majibu ya busara; kilichobaki kwangu ni kuandika upya `writable`, ambayo kwa kawaida hujibu kwamba haiandikiki, na kuhakikisha kwamba `write` inarudisha idadi ya herufi. Dakika ishirini.

15 Machi 2025: Programu inaganda, lakini si kila mara

Siku hii ndiyo iliyokula muda kuliko zote za mwezi, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Skripti huendeshwa katika uzi wake, yaani mfuatano wa utekelezaji unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu ileile, mbali na uzi mkuu unaochora madirisha. Ili kuendesha msimbo wa Python, uzi wa skripti lazima ushikilie kufuli kuu la mkalimani, lile linaloitwa GIL, ambalo hushikiliwa na uzi mmoja tu kwa wakati. `pokea` yangu ilikuwa ikituma maandishi kwa uzi mkuu na kusubiri uthibitisho kwamba yamechorwa. Wakati huohuo kidirisha cha vigeu, ambacho huonyesha thamani za vigeu vya skripti inayoendelea, huomba kufuli hilohilo kwa `PyGILState_Ensure` kila nusu sekunde, na huomba kutoka katika uzi mkuu. Ikitokea maombi hayo mawili yakakutana, uzi wa skripti unashikilia kufuli na kusubiri uzi mkuu uchore, na uzi mkuu hauwezi kuchora kwa sababu unasubiri kufuli. Hakuna kosa linaloandikwa wala programu haianguki. Inanyamaza tu, na mtumiaji hana la kufanya ila kuiua.

Kwa kuwa jambo hili lilitokea pengine mara moja katika uendeshaji kumi, nilidhani kwa muda mrefu kwamba tatizo liko katika skripti. Ukweli ulijulikana nilipoiunganisha `gdb`, zana ya kutafuta kasoro, na programu iliyoganda na kuomba `thread apply all bt`, yaani orodha ya mahali kila uzi ulipofika: nyuzi mbili, kila moja imesimama ndani ya wito wa kusubiri. Nashauri anayenakili kazi hii aanzie hapo, kwa sababu mimi nilianza kwa kuongeza mistari ya `printf` kila mahali, na mistari hiyo ilibadilisha mwendo wa nyuzi kiasi kwamba kuganda kukaacha kutokea.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuachia kufuli wakati wa kusubiri, kwa `Py_BEGIN_ALLOW_THREADS` na mwenzake. Kuganda kuliisha, lakini kila `write` ilisubiri skrini ichorwe upya, na skrini huchorwa mara 60 kwa sekunde. Skripti ya mistari 20,000, yenye wito miwili ya `write` kwa kila mstari, ilihitaji dakika kumi na moja kwa kazi ambayo bila maandishi humalizika kabla mtu hajakaa sawasawa kitini.

Dawa iliyobaki ni foleni. `pokea` hushika kufuli dogo la foleni peke yake, huongeza maandishi, huachia, na kurudi mara moja bila kumsubiri yeyote. Uzi mkuu, kila baada ya milisekunde 30, hubadilisha foleni iliyojaa kwa foleni tupu, huachia kufuli dogo, na ndipo huchora. Sharti moja linalinda mpango wote, nami nimeliandika kama maelezo juu kabisa ya faili: anayeshikilia kufuli dogo haruhusiwi kuomba kufuli kuu la mkalimani kabla hajaliachia. Saa 14, zikiwamo 9 za kutafuta mahali pasipohusika.

22 Machi 2025: Skripti iliyofunga programu nzima

Mtumiaji mmoja aliyezoea kuandika skripti zinazojitegemea alimalizia yake kwa `sys.exit`. Programu mwenyeji ikafunga, pamoja na jedwali lake ambalo lilikuwa halijahifadhiwa. Nilikuwa nikiendesha skripti kwa `PyRun_SimpleString`, ambayo hukabidhi kosa lolote kwa `PyErr_Print`. Na `PyErr_Print` ikikuta `SystemExit`, kosa linaloinuliwa na `sys.exit`, hufanya kile jina hilo linachosema, yaani huufunga mchakato wote. Hilo limeelezwa katika nyaraka, nami sikulisoma.

Sasa skripti hutafsiriwa kwa `Py_CompileString` na kuendeshwa kwa `PyEval_EvalCode`, kisha kosa huchunguzwa kwanza: kama ni `SystemExit`, linahesabiwa kuwa mwisho wa kawaida wa skripti, kama ni jingine, linaandikwa katika mkondo wa makosa. Mtu akiita `os._exit` bado ataifunga programu, na sijaona njia ya heshima ya kumzuia zaidi ya kuhamishia skripti katika mchakato wake.

Faida ya pembeni ya badiliko hili ni kwamba `Py_CompileString` hupokea jina la faili, kwa hiyo ripoti ya kosa sasa inataja jina la skripti badala ya `<string>`. Hata hivyo, mstari wenye kosa haukuonyeshwa, kwa sababu skripti zetu huhifadhiwa ndani ya waraka wa jedwali na hakuna faili ya kusomwa. Niliziweka kwa mkono katika `linecache.cache`, hifadhi ya Python ya mistari ya msimbo, na bado hazikuonekana. Kumbe `PyErr_Print` ya toleo hili hutafuta faili yenyewe bila kupitia `linecache`. Nilipoacha kuitumia na kuunda ripoti kwa `traceback.format_exception`, mistari ilijitokeza. Saa 4.

29 Machi 2025: Jina la faili lililoiangusha `pokea`

Katika Linux jina la faili ni mfululizo wa baiti, na si lazima baiti hizo ziwe halali katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti. Python hubeba baiti zisizoeleweka kama alama maalumu ndani ya maandishi, ili ziweze kurudishwa kama zilivyokuwa, lakini maandishi hayo hayawezi kugeuzwa kuwa UTF-8. Skripti ilipoandika jina la namna hiyo, `PyUnicode_AsUTF8AndSize`, inayofanya ugeuzaji huo, ilirudisha `NULL`, yaani jibu tupu la kushindwa, nami sikuwa nimekagua jibu. Sasa natumia `PyUnicode_AsEncodedString` yenye `backslashreplace`, ambayo ndiyo kanuni ileile ambayo Python huitumia kwa `sys.stderr` yake ya asili, na herufi isiyogeuzika huandikwa kama namba yake. Nusu saa, pamoja na aibu ya kutokagua `NULL`.

5 Aprili 2025: Maandishi yasiyopita Python

Mpaka hapa kila kilichoandikwa na Python kilinaswa. Kisha ikaja skripti inayotumia maktaba ya hesabu iliyoandikwa kwa C, na maonyo yake hayakuonekana. Maktaba hiyo huita `printf`, na `printf` haijui kwamba kuna kitu kinachoitwa `sys.stdout`, huandika katika bafa ya C, yaani akiba ya muda ya maandishi, na bafa hiyo humwagwa katika faili namba 1 ya mchakato, ambayo ndiyo mkondo wake wa kawaida wa matokeo. Mlango wangu ulikuwa umejengwa juu ya mahali maji yanapopita.

Kwa hiyo nilifungua bomba kwa `pipe`, njia ambayo kinachoandikwa upande mmoja husomwa upande wa pili, nikaihifadhi faili namba 1 ya asili kwa `dup`, kisha nikaweka mdomo wa kuandikia wa bomba mahali pake kwa `dup2`. Kosa la kwanza lilikuwa kusoma bomba baada ya skripti kumaliza. Katika Linux bomba hubeba baiti 65,536 kwa kawaida. Likijaa, anayeandika husimamishwa mpaka mtu asome. Maktaba ilipozidisha kiasi hicho, skripti ilisimama ikimsubiri msomaji, naye msomaji aliisubiri skripti. Msomaji sasa ana uzi wake, na hausubiri mtu.

Kosa la pili lilikuwa la mpangilio. Bafa ya C humwagwa kila mwisho wa mstari ikiwa mkondo umeunganishwa na teminali, lakini ukiunganishwa na bomba husubiri ijae. Maonyo ya maktaba yakawa yanafika baada ya mistari ya Python iliyoandikwa nyuma yake, na ripoti ikasomeka kama hadithi iliyofungwa kurasa kinyume. `setvbuf` yenye `_IOLBF`, inayoagiza bafa imwagwe kila mwisho wa mstari, mwanzoni kabisa mwa programu, kabla ya mtu yeyote kuandika kitu katika mkondo huo, imepunguza tatizo, na skripti ikimaliza naita `fflush` kwa usalama.

Haijaliondoa kabisa. Maandishi ya Python hupita foleni moja kwa moja, ya C hupita bomba na uzi wa msomaji, na njia mbili haziwezi kuahidi mpangilio mmoja. Nilifikiria kuyapitisha yote katika bomba, lakini hapo ningepoteza uwezo wa kujua nani ameandika nini na kupaka makosa rangi yake. Nimechagua kuonyesha maandishi ya C kwa rangi ya kijivu, ili msomaji ajue kwamba nafasi yake kati ya mistari mingine ni ya kukadiria.

6 Aprili 2025: Mwangwi

Ili kufuatilia uzi wa msomaji niliuwekea mstari wa `printf` unaosema umesoma baiti ngapi. Mstari huo nao uliingia katika faili namba 1, ambayo sasa ni bomba, ukasomwa na msomaji yuleyule, naye akaandika kwamba amesoma baiti kadhaa, na taarifa hiyo ikaingia tena katika bomba. Kidirisha kilijaa kabla sijafikia kitufe cha kufunga. Taarifa zote za ndani za programu mwenyeji sasa huandikwa katika ile nakala ya asili niliyoihifadhi kwa `dup`. Dakika kumi za kazi na nusu saa ya kicheko.

12 Aprili 2025: Nusu ya herufi

Majaribio yangu yote yalikuwa kwa Kiswahili, na ndiyo maana kasoro hii ilijificha. Kila herufi ya maandishi yetu ya kawaida hukaa katika baiti moja ya UTF-8, kwa hiyo bomba linaweza kukatwa popote bila kuumiza kitu. Maktaba ilipoandika nyuzijoto kwa alama ya `°`, ambayo ni baiti mbili, mara chache kidirisha kilionyesha alama mbili za ajabu mahali pake. Msomaji huchukua baiti 4,096 kwa mara moja, na alama hiyo ilikuwa imeangukia mpakani, baiti moja kila upande.

Sasa msomaji huchunguza mwisho wa kila fungu, na kama herufi ya mwisho haijakamilika, hubakiza baiti zake, ambazo haziwezi kuzidi tatu, na kuzitanguliza katika fungu linalofuata. Mtu anayejaribu kazi ya namna hii ajaribu kwa Kiarabu au Kichina tangu siku ya kwanza. Saa 2.

20 Aprili 2025: Mafuriko na kitufe cha kusimamisha

Foleni ya tarehe 15 Machi haikuwa na kikomo. Skripti yenye `while True` na `print` ndani yake iliijaza kumbukumbu ya mashine kwa sababu uzi wa skripti huandika haraka kuliko skrini inavyochora. Nimeweka kikomo cha megabaiti moja: foleni ikifika hapo, `pokea` huachia kufuli kuu la mkalimani na kusubiri nafasi ipatikane. Kidirisha chenyewe hubakiza mistari 10,000 ya mwisho na kutaja juu yake ni mingapi imetupwa, maana kutupa kimyakimya kungemdanganya msomaji.

Kikomo hicho kilizaa kasoro yake. Kitufe cha kusimamisha hutumia `PyThreadState_SetAsyncExc` kuingiza `KeyboardInterrupt` katika uzi wa skripti, lakini kosa linaloingizwa hivyo huonekana tu uzi unapoendesha msimbo wa Python. Uzi uliolala ndani ya `pokea` haulioni. Mtumiaji alibonyeza kitufe mara nyingi bila jibu, hasa kwa skripti zile zinazohitaji kusimamishwa zaidi. Kitufe sasa huinua pia bendera na kuwaamsha wote wanaosubiri foleni, na `pokea` ikiamka na kukuta bendera imeinuliwa, hutupa maandishi yake na kurudi. Saa 6.

27 Aprili 2025: Windows, na yaliyobaki

Katika Windows programu ya madirisha haina faili namba 1 kabisa, na Python huweka `None` katika `sys.stdout`, ambapo `print` haifanyi chochote wala hailalamiki. Sehemu ya Python ilikubali bila badiliko, kwa kuwa tayari naweka kitu changu hapo. Kwa sehemu ya C ilinibidi kwanza kufungua `stdout` upya kwa `freopen` kuelekea `NUL`, faili ya Windows inayotupa kila kinachoandikwa, ili ipate namba halali, ndipo `_dup2` ikafanya kazi. Aidha, `_IOLBF` huko huchukuliwa sawa na kusubiri bafa ijae, hivyo natumia `_IONBF`, isiyotumia bafa kabisa, na kukubali ucheleweshaji wake.

Lililobaki wazi ni michakato midogo. Skripti ikianzisha programu nyingine kwa `subprocess` bila maelekezo, programu hiyo hurithi mdomo wa bomba na maandishi yake hufika kwa rangi ya kijivu, jambo ambalo linafaa. Lakini ikiendelea kuishi baada ya skripti kumaliza, mdomo hubaki wazi, kwa hiyo siwezi kuutumia mwisho wa bomba kama ishara kwamba skripti imemaliza. Kwa sasa bomba linaishi muda wote wa programu mwenyeji, na ishara ya kumaliza hupita katika foleni. Na yeyote anayeandika `subprocess.run` yenye `stdout=sys.stdout` hupata kosa, kwa kuwa kitu changu hakina `fileno`, yaani namba ya faili. Nimejaribu kukipa namba ya bomba, na majaribio mawili kati ya kumi na manane yakavunjika. Nitarudi kwake nikishaelewa ni kwa nini.